Namna Nilivyoposa Matokeo ya Kisima cha Mtondoo

Wasomaji wangu, nawaombeni mkae vizuri, kwa maana haya yanahitaji utulivu. Jina la nchi yetu sitalitaja. Sina hofu, ni kwamba ombi langu la kulijua kwa njia rasmi bado linashughulikiwa. Nitasema tu kuwa ni nchi tulivu, yenye bendera, na yenye Wizara ya Habari Zilizohifadhiwa, ambayo jengo lake lina ghorofa tisa na madirisha mawili.

Wizara hiyo inazipenda habari zake kupita kiasi. Nasikia nchi nyingine huziweka habari makabatini, kama vyombo. Sisi huzilea kama mabinti. Sheria yetu, ambayo kila mwananchi anaruhusiwa kujua kwamba ipo, inasema katika kifungu cha kwanza: "Habari iliyo mikononi mwa Serikali ni mwari wa nyumba hiyo, na atakayeitaka na aje kwa heshima, kwa mlango wa mbele, akiongozana na mshenga." Kwa hiyo kwetu mtu haombi habari. Anaiposa. Huandika barua ya posa, akaikunja ndani ya kitambaa, akaiweka juu ya sinia, na sinia hiyo ikabebwa na mshenga aliyevaa kanzu na koti. Wizara hupokea, hushukuru, na kusema kwamba itakaa na wazee.

Utaratibu huu umetuletea sifa kubwa. Haijawahi kutokea hata habari moja ya nchi yetu ikaonekana ikizurura mitaani.

Sasa na niseme ila yangu mapema, ili asije mwingine akanisemea. Mimi ni mtu mwenye wivu. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, katika kisomo cha watu wazima, alasiri, baada ya kazi za nyumbani, na nilidhani kwamba elimu huondoa wivu. Haiondoi. Huufundisha maneno mazuri zaidi.

Niliyemwonea wivu ni Mama Tunu, jirani yangu na mwenzangu wa kisomoni. Siku moja alitualika wanafunzi wote kumi na wawili nyumbani kwake. Alitukaribisha ukumbini, na pale ukutani, mahali palipokuwa na picha ya marehemu mama mkwe wake, palining'inia jibu. Lilikuwa jibu kamili la Wizara, lenye muhuri, ndani ya fremu, chini ya kioo kilichofutwa asubuhi hiyohiyo.

"Someni wenyewe," alisema Mama Tunu, akijiketia pembeni kama mtu asiyehusika. "Mimi macho yamechoka, nimelisoma mno."

Tulisoma: "Kwa heshima na taadhima, tunamjulisha mposaji kwamba ngazi za Wizara, tangu chini hadi ghorofa ya tisa, ni mia mbili na kumi na sita."

"Mia mbili na kumi na sita," alisema mwenzetu mmoja kwa sauti ya chini, na sote tukatikisa vichwa kana kwamba tumeambiwa tuzipande.

"Na hizo ngazi ulizitakia nini, shoga?" niliuliza.

"Mtu hutaka analolitaka, Mama Asumini. Wako wanaotaka wakajibiwa, na wako wanaotaka."

Wanaotaka nilikuwa mimi, na kila aliyekuwa ukumbini alilijua hilo, kwa kuwa wote walitazama chai yao kwa pamoja. Nilirudi nyumbani bila kuimaliza yangu. Jibu lile lilikuwa la kipuuzi, na nililitamani kama mjamzito anavyotamani udongo.

Posa yangu mimi ilikuwa hii. Wataalamu wa Serikali, wamevaa glavu nyeupe, walikuja siku moja katika kisima chetu cha Mtondoo, wakachota maji katika chupa tatu za kioo, wakaandika, wakapanda gari, wakaenda zao. Sisi tukaendelea kunywa. Baada ya miezi michache binti yangu Asumini, mwenye umri wa miaka minne, akaanza kuumwa tumbo na kutapika. Zahanati waliniambia nichemshe maji. Nilichemsha hadi nikamaliza kuni za mwezi, na mtoto akazidi kukonda. Iko chemchemi ya maji matamu huko Ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, lakini hakuna mama anayetembea saa tatu kila siku kwa kushuku tu. Nilitaka kujua zile chupa tatu zilisema nini. Sikutaka zaidi ya hapo.

Siku ya posa nilipokewa na Bwana Mshamu Likoko, Mlezi Mkuu wa Mafaili. Ni mtu mrefu, mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye mtu akitamka neno "faili" mbele yake hugeuka kutazama mlango wa ndani kama umefungwa.

"Unamtaka yupi?" aliniuliza, baada ya kuipokea sinia kwa mikono miwili.

"Matokeo ya kipimo cha maji ya kisima cha Mtondoo, Bwana."

Uso wake ulibadilika. "Umemwonea wapi?"

"Sijamwona. Nimejua tu kwamba yupo."

"Nani aliyekwambia kwamba yupo?"

"Maji yalipimwa, Bwana. Kilichopimwa hakikosi matokeo."

"Kwa hiyo umekuwa ukimfikiria." Aliandika. "Tangu lini?"

"Tangu mtoto aanze kutapika."

"Nyumbani una habari nyingine?"

"Ninazo mbili. Tarehe ya kuzaliwa mwanangu, na bei ya maharage."

Bwana Mshamu aliweka kalamu chini. "Bibi, unazo mbili na unataka ya tatu. Je, utaweza kuzitendea haki zote sawasawa?"

Mshenga wangu, shemeji Pazi, ambaye alikuwa amepewa kiti kwa ajili ya heshima na kusinzia kwa sababu ya kiti, aliamka na kusema kwamba nitaweza.

"Walio nje hudhani sisi tunaficha," alisema Bwana Mshamu, akisimama, kwa kuwa maneno mazito kwetu hayasemwi mtu akiwa ameketi. "Hatufichi. Tunatunza. Huyu unayemtaka nimemlea miezi saba. Sijamfungua hata mimi mwenyewe, kwa adabu tu. Nikikupa leo, kesho nitamkuta midomoni mwa wachuuzi, anatamkwa na kila mtu, na wengine wakimtamka vibaya. Mzazi gani atalikubali hilo? Nendeni. Tutakaa na wazee."

Wazee walikaa miezi mitano, na katika miezi hiyo nilipokea barua tatu. Ya kwanza ilisema kwamba matokeo bado hayajapevuka. Ya pili ilisema yamekwenda kusalimia Wizara ya Afya. Ya tatu ilisema yamerejea salama lakini yamechoka na safari, na kwamba si uungwana kumkabili mgeni kabla hajapumzika. Kila barua iliponifikia Asumini alikuwa mwepesi kuliko siku ya barua iliyopita, na nilipombeba mgongoni nililazimika kugeuka kutazama kama bado yumo.

Ilikuwa baada ya barua ya tatu ndipo Mama Tunu alipotualika kutazama ngazi zake.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Wizarani peke yangu, bila sinia wala mshenga, kwa ile hasira ya mtu aliyelala na wivu kitanda kimoja.

"Mama Tunu amejibiwa," nilimwambia Bwana Mshamu. "Mimi nina kasoro gani?"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Huna kasoro. Umechagua nyumba ngumu. Lakini ipo njia." Akavuta droo. "Tunayo majibu hapa yaliyokwisha kupevuka, yana mihuri yake, ila hayakupata wa kuyauliza. Yanakaa tu. Tunayahurumia. Mtu akiondoa posa yake ya kwanza, anaweza kuchukua moja hapa na kuondoka nalo leo."

"Lipi lenye muhuri mkubwa?"

Nakiri mbele yenu kwamba hilo ndilo swali nililouliza. Sikuuliza lipi lenye faida.

"Hili la mapazia lina mihuri miwili," alisema, "na utepe."

Niliiondoa posa ya kisima kwa sahihi yangu mwenyewe, kwa mwandiko wa kuunganisha, ambao mwalimu wetu huusifu. Jioni ile jibu langu lilikuwa ukutani, juu ya kitanda cha Asumini, mahali penye mwanga: "Tunamjulisha mposaji kwamba mapazia ya ofisi ya Mheshimiwa Waziri ni ya kijani, na hufunguliwa upande wa kushoto."

Mama Tunu alikuja kutazama kabla hata sijatuma mtu kumwita. Alisimama mbele ya fremu. Niliyaona macho yake yakienda kwenye muhuri wa kwanza, kisha wa pili, yakarudi wa kwanza, na nikaonja utamu ambao sijauonja hata siku ya harusi yangu. Kisha Asumini akaamka na kuanza kutapika, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimesimama upande wa mgeni nikifurahia, aliyelidaka beseni na kukishika kichwa cha mwanangu alikuwa Mama Tunu.

Alimfuta mdomo. Alimlaza. Akakaa ukingoni mwa kitanda na beseni mapajani.

"Nawe ulibadilisha," alisema.

"Nawe?"

"Mwenzangu, ngazi za Wizara zitanisaidia nini? Posa yangu ya kwanza ilikuwa kisima. Tunu ana mabaka mikononi tangu mwaka jana, ngozi imekuwa ngumu kama gome."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje nilishindwa, na fremu nilikuwa nimeshainunua?"

Niliketi kando yake, chini ya mapazia ya Waziri. Baadaye yeye akasema, "Kijani," na mimi nikasema, "Mia mbili na kumi na sita," na tukacheka kicheko ambacho sisi wenyewe hatukukipenda. Lazima niwe mkweli hadi mwisho: hata katika saa ile, mahali fulani moyoni, nilikuwa radhi kwamba mihuri yangu ni miwili na wake ni mmoja. Lakini nililiangalia beseni, nikajua kwamba nimemuuza mwanangu kwa utepe, na kwamba aliyemuuza ana deni la kwenda kumrudisha.

Mwenye wivu humtambua mwenzake hata gizani kwa kikohozi. Usiku sikulala kwa kumfikiria Bwana Mshamu: funguo zake, jinsi anavyosema "huyu" na "yule", jinsi alivyouliza, "Umemwonea wapi?" Nikajiambia, huyu mtu ni ndugu yangu kabisa.

Kulipokucha nilikuwa mbele ya kaunta yake.

"Sikuja kuposa, Bwana. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Wizara ya Afya. Wanasema nakala ya Mtondoo iliyo kwao ndiyo nzuri. Wanasema ya kwako imefungwa kwa kamba ya katani."

Sikumbuki vizuri kama Wizara ya Afya walisema hivyo. Nikijilazimisha kukumbuka, nakumbuka kwamba hawakusema.

"Kamba ya katani," alisema Bwana Mshamu polepole.

"Nami nikawabishia. Lakini wakaniuliza, umewahi kumwona? Nikanyamaza. Mtu atabisha vipi juu ya asiyemwona?"

Aliondoka bila kuniaga. Nilizihesabu ngazi kwa sauti ya viatu vyake, kwenda na kurudi, na naweza kuthibitisha kwamba jibu la Mama Tunu lilikuwa sahihi. Alirudi akitweta, na kifuani amekumbatia faili lililofunikwa kitambaa cha mahameli. Aliliweka mezani, akalifunua, akalifungua, likiwa limemwelekea yeye.

"Utepe wa hariri," alisema. "Tazama. Tazama na karatasi ilivyo nzito. Lakini usisome."

"Nitasomaje, Bwana, na kwangu limepinduka?"

Hapa wasomaji wangu yawapasa kujua jinsi kisomo chetu kinavyoendeshwa. Kitabu ni kimoja, na wanafunzi ni kumi na wawili. Kitabu hulazwa katikati ya mkeka, na wanaowahi hukaa upande wa chini yake. Mimi sikuwahi hata siku moja, kwa sababu ya foleni ya kisimani, kwa hiyo nafasi yangu ilikuwa upande wa juu, nikitazamana na wenzangu. Herufi nilizifahamu zikiwa kichwa chini miguu juu. Mpaka leo, kitabu kikinielekea sawasawa, nachoka haraka.

"Pambizo zake pana," nilisema.

"Sana," alisema Bwana Mshamu, na akafungua ukurasa wa pili.

"Na chapa imekolea."

"Hao wa Afya chapa yao imefifia." Akafungua wa tatu, kwa ncha za vidole, huku yeye mwenyewe akitazama utepe.

Ukurasa wa tatu ulisema: "Maji ya kisima cha Mtondoo yana madini ya sumu. Hayafai kunywewa, hata yakichemshwa. Wananchi wajulishwe leo hii." Tarehe iliandikwa juu. Hiyo leo hii ilikuwa imetimiza mwaka mmoja na siku nane.

Nilimshukuru Bwana Mshamu, nikamwambia kwamba Wizara ya Afya hawana lolote, na nikaondoka kwa mwendo wa adabu hadi kona ya kwanza. Baada ya kona nilikimbia.

Foleni ya kisimani ilikuwa ndefu. Nilisimama juu ya jiwe na kusema yote, neno kwa neno kama nilivyolisoma. Walinisikiliza hadi mwisho, kwa kuwa sisi ni watu wenye adabu.

"Muhuri uko wapi?" aliuliza Mama Chiku, aliyekuwa na ndoo mbili.

"Sina muhuri. Nimesoma kwa macho yangu."

"Mama Asumini, ulipopata mapazia ulituonyesha mihuri miwili. Leo unatuletea mdomo?"

"Anataka foleni ipungue," alisema mwingine nyuma yake, na wakacheka.

Mama Tunu peke yake ndiye aliyemwaga maji yake. Aliyamwaga taratibu, akinitazama kwa jicho nililolifahamu vizuri mno, maana ni langu. Alikuwa ameniamini kabisa, na alikuwa akitamani angekuwa yeye aliyesoma. Kuanzia siku ile tulikwenda Ng'ambo wawili kila alfajiri, kila mmoja akijitahidi ndoo yake isionekane ndogo. Wiki ya pili Asumini aliomba uji. Wiki ya tatu aliomba mwingine. Kisimani watoto wa wenzetu waliendelea kunywa.

Habari hazifichiki, hasa habari kwamba mtu anazo habari. Niliitwa Wizarani kwa barua yenye wino mwekundu: "Umemtorosha mwari wa Serikali." Nilimkuta Bwana Mshamu ameketi, macho yamevimba, na kando yake Katibu Mkuu, Bibi Eufrasia Ngonde, mwanamke wa sauti pana aliyevaa miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutosomea.

"Mrudishe," alisema Bwana Mshamu.

"Nimrudishe vipi, Bwana? Yumo kichwani."

"Basi mtoe kichwani. Uliniambia kwako limepinduka. Nilikuamini. Nilikuonyesha utepe."

"Tulia, Mlezi Mkuu," alisema Bibi Eufrasia, akisimama. "Serikali haina kinyongo. Serikali ina vifungu. Kifungu cha arobaini kinasema kwamba habari iliyotoroshwa itahesabiwa kuwa imerudi nyumbani pale ambapo mtoroshaji atatia sahihi Hati ya Kutojua. Mama, uko tayari kutojua?"

Niliuliza kama kutojua kunanizuia kwenda Ng'ambo.

"Kutembea ni haki yako ya kikatiba. Unachokatazwa ni sababu." Akageukia mashine ya kupiga chapa. "Hati lazima itaje bayana kile kisichojulikana. Hatuwezi kumruhusu mwananchi aahidi kutojua mambo kwa jumla; hiyo ni kazi ya Baraza la Mawaziri. Kisha itabandikwa mahali kosa lilipotendeka, kwa siku thelathini, ili kila mtu awe shahidi kwamba hujui."

"Mihuri mitatu," alisema Bwana Mshamu, akiwa bado ameinamisha kichwa.

"Kanuni inataka mmoja."

"Afya wakiiona ina mmoja watasema nini?"

Ikapigwa mitatu.

Tarishi aliigongomea kwenye nguzo ya kisima asubuhi, wakati foleni imefika barabarani. Wenzangu wa kisomoni walisogea kwanza, na kwa kuwa wengine hawajui kusoma, wakasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno:

"Mimi, Mama Asumini, mkazi wa Mtondoo, natamka mbele ya Serikali kwamba sijui kuwa maji ya kisima hiki yana madini ya sumu. Wala sijui kuwa hayafai kunywewa, hata yakichemshwa. Wala sijui kuwa wananchi walitakiwa kujulishwa mwaka jana."

Mama Chiku aliiweka ndoo ya kwanza chini, kisha ya pili, halafu akamnyang'anya mwanawe kikombe kilichokuwa mkononi na kukimwaga.

"Ina mihuri mitatu," alisema.

"Mitatu," alisema Mama Tunu, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole. Alisogea, akaipima kwa shubiri. "Wiki tatu nimetembea naye Ng'ambo, bega kwa bega. Kwa nini asiyejua awe yeye peke yake?"

Swali hilo liliwaingia. Niliona likipita katika foleni kutoka uso mmoja hadi mwingine, na mwisho wa foleni wanawake walikuwa tayari wanakunja kanga zao kwa safari.

Kesho yake tulikuwa thelathini na wanne mbele ya kaunta ya Wizara, na Mama Tunu alikuwa wa kwanza. Mlinzi anasema alimkuta mlangoni. Kila mmoja alidai Hati ya Kutojua iliyo yake, yenye jina lake na mihuri isiyopungua mitatu. Bwana Mshamu alituhesabu kwa ncha ya kalamu. Kisha, kwa kuwa kanuni ni kanuni, alifungua daftari na kuanza kutuuliza, mmoja baada ya mwingine, ni jambo gani hasa tusilolijua.

Tulimjibu kwa sauti, kila mmoja akijitahidi kumzidi aliyemtangulia, na moja kati ya yale madirisha mawili, linaloelekea sokoni, lilikuwa wazi.